RNA Isiyozalisha Yaitwa Mbele ya Kamati

Jumatano, tarehe 12 Machi 2003, manyunyu tangu alfajiri na joto la kunata, umma ulitangaziwa kwamba Kamati Maalumu ya Kupunguza Wasiozalisha imemaliza viwanda na sasa inaingia ndani ya mwili wa binadamu.

Euphrasia, mtaalamu wa maabara ndogo ya ghorofani pale Mchafukoge, aliona ni hatua ya busara. Viwanda vilikuwa vimekwisha. Alichoogopa ni saa nane mchana: kwa amri ya kamati friji yake ingebebwa, na sampuli za RNA za miaka mitatu zimwagwe.

"Fomu yako inasema RNA hii haitengenezi protini," alisema mwenyekiti wa kamati, Bwana Onesphory. "Hata moja?"

"Hata moja, mheshimiwa. Inasimamia jeni za kinga. Vijidudu vikiingia, inaziamsha. Vikiisha, inazituliza zisije zikaumiza mwili wenyewe."

"Kusimamia si kuzalisha. Andika hivyo, Scholastika."

Katibu Scholastika akaandika. Alikwisha kuandika hivyo kwa watu mia nne wa kiwanda cha nguo, mumewe akiwemo.

Mzee Kantilal, mwenye jengo na duka la vitenge chini, alikuwa ameitwa kuwa shahidi wa mtaa. Akakohoa.

"Bwana mkubwa, mimi siuzi hata kitenge kimoja. Wauzaji ndio wanauza. Mimi nakaa mlangoni tu. Wiki niliyolazwa, walibeba mpaka mbao za rafu."

"Mzee, usituchanganye."

Euphrasia alimwomba Mungu kimoyomoyo ampe ulimi wa adabu, kisha akaweka mezani visahani viwili vya seli za kinga. Vyote vilikuwa vimetiwa bakteria. Kimoja kilikuwa kimebaki safi. Kwenye kingine alikuwa ameitoa ile RNA, na bakteria walikuwa wamejaa kama uji.

"Sisi hatuulizi inazalisha nini," alisema. "Tunaitoa, tunaangalia kama mwili utaugua."

Scholastika akainua kalamu.

"Mwenyekiti, kwenye fomu yako nawe umeandika 'nasimamia wizara'. Si tukupime hivyohivyo? Siku thelathini tu."

Wajumbe sita wakanyoosha mikono, wengine yote miwili.

Bwana Onesphory hakuona hatari. Kipimo hicho kilimpendeza, alijijua. Akaifuta amri ya friji, akasimama, akafunga kifungo cha koti, akamgeukia Mzee Kantilal.

"Naahidi mbele yenu wote: nakaa nyumbani siku thelathini. Wizara ikipata hata mafua, mtanifuata kwa gari. Isipougua, sirudi."