Saa Arobaini za Mhutubu

Kwa heshima na taadhima, Chuo kiliutangazia ulimwengu, na hasa ubao wa matangazo ulio karibu na vyoo vya wanaume, kwamba kuanzia muhula ule jamii ingehudumiwa. Jamii yenyewe haikuwa imeulizwa. Hata hivyo, Kurugenzi ya Huduma kwa Jamii ilikuwa imefanya utafiti wa kina kwa siku tatu ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, ikabaini kwamba jamii ipo, kwamba inaanzia pale ukuta wa Chuo unapoishia, na kwamba ina shida. Kozi ikaundwa, ikapewa namba: HJ 101. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho angetoa saa arobaini za huduma, zithibitishwe na Mkaguzi. Asiyethibitishwa asahau joho.

Miongoni mwa waliolisoma tangazo hilo alikuwamo binti mmoja wa ufundi wa maji, ambaye wenzake walimwita Spana kwa kuwa hakupata kuonekana bila moja mfukoni. Spana hakuwa mbishi wa kanuni. Mkobani alikuwa na barua ya Idara ya Maji ya mji, iliyomtaka aripoti kazini Jumatatu baada ya mahafali, akiwa amehitimu. La sivyo nafasi angepewa mwingine. Baba yake, fundi cherehani, alikwisha kumshonea ovaroli ya buluu yenye mifuko saba. Ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, ikimsubiri kwa uvumilivu wa mchumba.

Hatua mia moja kutoka lango la Chuo palikuwa na bomba la mtaa lililokauka miaka miwili. Ufunguo wa kufuli lake ulikaa shingoni mwa mama mmoja mnene wa sauti, aliyejulikana kwa jina la Mama Funguo, ambaye alilifunga kila jioni na kulifungua kila asubuhi ingawa halikutoa hata tone.

"Mama, unafunga nini na maji hayamo?" Spana alimuuliza siku ya kwanza.

"Bomba limekauka, mwanangu. Adabu je, nayo ikauke?"

Spana alichimba siku sita. Alilikuta bomba limepasuka chini ya ukingo wa barabara, akakata kipande kilichooza, akaunga kipya, akabadilisha koki. Siku ya sita bomba lilikohoa, likatema kutu, kisha likatoa maji. Mama Funguo alinawa uso mara tatu bila kusema neno, jambo ambalo majirani walilihesabu kuwa muujiza wa pili. Aliporudiwa na sauti alisema, "Mwanangu, Mungu akupe mume asiyekoroma," akatia saini fomu kwa mkono uliolowa.

Baada ya siku kumi alikuja Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye faili nene. Alifungua koki. Maji yakatoka. Akaifunga. Akaifungua tena, asije akadanganywa na bahati.

"Shida iko wapi?" aliuliza.

"Haipo tena, baba," alisema Mama Funguo. "Imeondolewa na huyu binti."

"Mama, sikuuliza ilikokwenda. Nimeuliza iko wapi."

"Si nakwambia haipo?"

"Basi tumeelewana," alisema Mkaguzi, akaandika: *Eneo halina shida ya maji. Huduma haikuhitajika. Saa zilizothibitishwa: sifuri.*

Haki itendeke kwake: hakuwa na upendeleo. Mwezi uliotangulia, wanafunzi thelathini wa Uongozi na Utawala walikuwa wamesimama mbele ya bomba hilohilo kwa saa arobaini, wamevaa fulana zinazofanana, wakiihamasisha jamii kwa mabango juu ya umuhimu wa maji. Mkaguzi alipofika aliikuta shida ikiwa na afya njema, na huduma ikiendelea kandoni mwake. Wote thelathini walipata saa zao kamili, na mmoja akapewa cheti cha ziada kwa sauti.

Spana akakata rufaa. Mkurugenzi wa Huduma kwa Jamii alimpokea ofisini baada ya kumngojesha kiasi kinachostahiki cheo chake. Alikuwa mtu wa tai ndefu na maneno marefu zaidi. Mezani palikuwa na hotuba aliyokuwa akiifanyia mazoezi mbele ya kioo: dakika arobaini, yenye kichwa "Jamii Kwanza". Mwaka ule mgeni rasmi wa mahafali angetoka wizarani, na ilinong'onwa, hasa na Mkurugenzi mwenyewe, kwamba wizara ilikuwa inatafuta mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeisoma rufaa yako. Inagusa. Tatizo lako, binti, ni kwamba ulikwenda moja kwa moja kwenye utatuzi bila kuihifadhi shida."

"Kuihifadhi, mzee?"

"Kwa ajili ya uthibitisho. Shida ni ushahidi. Ukiiondoa, unaondoa ushahidi. Nenda ukarejeshe hali ya awali, kisha tutamtuma Mkaguzi upya."

"Nilivunje bomba?"

Mkurugenzi aliumia kidogo. "Sijasema kuvunja. Nimesema kurejesha."

Mama Funguo alipopewa ushauri huo aliangua kicheko kilichowaamsha kuku wa jirani. "Huyo baba ana akili au ana cheo? Tusivunje kitu. Tutafunga koki kuu, aje, aione shida yake, aandike, aende zake."

Wakaifunga. Mkaguzi akaja, akafungua bomba, akasikia upepo mtupu. Uso wake ukachanua kama wa mtu aliyekutana na ndugu. Kisha akageukia fomu, na ukasinyaa. "Shida ipo. Kwa hiyo huduma haijafanyika." Akaandika sifuri ya pili chini ya ile ya kwanza. Hakuwa mtu asiye na moyo, akamliwaza Spana kwa upole: "Angalau hesabu yako haina utata." Alipoondoka, koki kuu ikafunguliwa tena.

Jumamosi hiyo, ikiwa imebaki wiki moja kabla ya mahafali, Spana aliketi kwenye chumba cha cherehani cha baba yake, akiitazama ovaroli. Fundi alikuwa na futi ya kupimia shingoni na miwani iliyofungwa uzi.

"Nipe hizo kanuni," alisema baba.

"Baba, nimezisoma mara kumi."

"Umezisoma kama mtu mwenye haraka. Nguo haisomwi usoni, mama. Hugeuzwa, ikatazamwa mshono."

Akaanza kusoma, kidole kikienda polepole kana kwamba kinafuata pindo. Alifika Kanuni ya Saba. Akasimama. Akarudi nyuma.

"*Hapana mhutubu atakayeruhusiwa kupanda jukwaani katika hafla au kikao chochote cha Chuo bila kuthibitishiwa saa arobaini za huduma.*" Akavua miwani. "Siku hiyo wewe utahutubu?"

"Hapana, baba. Nitahitimu."

"Soma neno hilo."

Spana akasoma. Mara kumi zote jicho lake lilikuwa limepita juu ya *mhutubu* na kuona *mhitimu*, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitishwa.

"Basi hii nguo si yako," alisema fundi, akimrudishia karatasi. "Imekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine."

Jumatatu asubuhi karatasi hiyo ililazwa mezani kwa Karani Mkuu, mwanamke aliyebakiza miaka miwili kustaafu na ambaye hakukusudia kuiharibu kwa kubahatisha. Alitoa rejista, akalinganisha, akagonga mlango wa Mkurugenzi, Spana akiwa nyuma yake.

"Mzee, huyu binti hadaiwi saa. Hakuna mwanafunzi anayedaiwa. Tangazo la ubaoni si kanuni, na Kanuni inamhusu mhutubu."

Mkurugenzi akasoma. Akasoma tena. "Hili ni kosa la uchapaji! Niliandika *mhitimu*!"

"Mwandiko wako, mzee, ni kama wa daktari mwenye homa. Nilichapa nilichokiona. Kurasa kumi na nne, na kila ukurasa una saini yako."

"Si unajua nilichomaanisha?"

"Ofisi hii hufuata maandishi, mzee. Maana iko likizo tangu uliponikatalia mimi likizo yangu."

"Kosa lisahihishwe leo hii!"

"Lingekuwa kosa, ningelisahihisha. Lakini Baraza la Chuo lilikwisha kulipitisha. Kosa lililopitishwa na Baraza ni sera." Akafunua kalenda. "Baraza litakaa tena mwezi wa tatu. Mtoa hoja hupanda jukwaani kukihutubia kikao. Na hapana mhutubu atakayeruhusiwa…"

Hakumaliza. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuketi. Aliitazama hotuba yake, akamtazama Spana, kisha, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akalitazama dirisha lililokuwa upande wa jamii.

Jumanne alfajiri alifika bombani na bango lililokunjwa kwapani.

"Hilo la nini, baba?" aliuliza Mama Funguo.

"La uhamasishaji, mama. Nitasimama hapa pembeni."

"Tulikwisha kuhamasika. Walituhamasisha thelathini tukashika vichwa. Weka chini, shika ndoo. Kuna wazee kule juu magoti yao hayateremki."

Akashika ndoo. Siku ya kwanza maji mengi yaliishia kwenye viatu. Siku ya pili alikuja na kandambili, na tai akaigeuza kata ya kuwekea ndoo kichwani. Hapo ndipo mtaa ulipompa jina la Baba Tai. Siku ya tatu alipanda kilima bila kumwaga, akasikika akimwambia kikongwe mmoja, "Shikamoo bibi, ya kupikia au ya kuogea?" kwa sauti isiyokuwa na dibaji. Mama Funguo alimhesabia saa kwa vizibo vya chupa. Kila Baba Tai alipopokea simu, kizibo kimoja kilirudi mfukoni mwa mama.

Ijumaa jioni vizibo vilitimia arobaini. Mkaguzi akaja na faili lake. Mkurugenzi alimsubiri kando ya bomba, kandambili mguuni, na tabasamu la mtu anayeijua kazi yake. Mkaguzi alifungua koki. Maji yakatoka.

"Eneo halina shida," alisema, kalamu ikishuka.

"Ngoja kwanza! Muulize mama, waulize wazee!"

"Nimechotewa maji siku nne," kikongwe alishuhudia kwa kupaza sauti toka kizingitini kwake kule juu.

"Sikatai, bibi. Lakini maji yapo. Huduma haikuhitajika."

"Wewe!" alisema Mkurugenzi. "Unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo, mzee," alijibu Mkaguzi kwa unyenyekevu wa dhati. "Wewe ndiye uliyetufundisha." Akaandika sifuri, ya duara zuri, akaomba saini ya kupokea.

Mahafali yalifanyika Jumamosi kwa mujibu wa sheria. Mshereheshaji hakuwa na saa arobaini, hivyo ratiba ilitolewa kwa mabango ya Uongozi na Utawala, yamegeuzwa nyuma na kuandikwa upya na Karani Mkuu. Wahitimu waliitwa kwa mabango, wakapanda, wakapokea, wakashuka. Spana alipopanda, fundi cherehani alisimama juu ya kiti chake akapunga futi ya kupimia. Mama Funguo alipiga vigelegele kwa niaba ya jamii, kwa kuwa kanuni haikukataza vigelegele.

Kisha likainuliwa bango lililosomeka: HOTUBA, DAKIKA AROBAINI.

Hakuna aliyepanda. Mgeni rasmi mwenyewe, alipoonyeshwa Kanuni ya Saba, alibaki kitini na kujipepea. Kipaza sauti kilisimama peke yake jukwaani, kimenyooka, kimejaa mamlaka. Dakika tano za kwanza watu walitazamana. Ya kumi, watoto walilala. Ya ishirini, mzee mmoja alisikika akimwambia mkewe jambo zuri ambalo, kwa mujibu wa mke, hakuwa amelisema tangu waoane. Mwaka uliopita watu wanne walizimia kwa jua na nahau. Mwaka huu hakuzimia hata mmoja. Dakika ya arobaini ilipotimia, hadhira nzima ilisimama na kupiga makofi mpaka Karani Mkuu akainua bango la kuwaomba waache.

Mgeni rasmi alimgeukia Mkurugenzi, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma yake na hotuba magotini. "Hotuba hii imeandaliwa na nani? Wizara ingependa nakala."

Katika kumbukumbu za siku hiyo imeandikwa kwamba hotuba ilipokelewa vizuri kuliko zote zilizotangulia.

Jumatatu Spana alikuwa nyuma ya kaunta ya Idara ya Maji, ndani ya mifuko saba, alipoingia mtu mwenye barua na malengelenge mikononi. Baraza lingekaa mwezi wa tatu, na bila saa arobaini asingeweza hata kusimama kulisahihisha neno lake.

Barua ilisomeka: *Naomba kupatiwa shida ya maji, ya muda, isiyo na madhara makubwa, kwa matumizi ya uthibitisho.*

Spana aliisoma yote, hata tarehe. "Shikamoo, mzee. Shida tunazo, lakini za muda zimekwisha. Zilizobaki ni za kudumu. Mtaa wa juu bomba limekauka tangu mwaka juzi. Halijaguswa."

Mkurugenzi alifikiri. "Nikilitengeneza, Mkaguzi ataandika nini?"

"Sifuri."

"Na nisipolitengeneza?"

"Sifuri."

"Sasa binti, hapo tofauti iko wapi?"

"Maji, mzee," alisema Spana, akamsukumia koleo juu ya kaunta.