Kiti cha Gitari Kimekataa Kuvunjika

Kiirua, Buuri
Jumatano

Kwako Mhariri Mheshimiwa, Ukurasa wa Barua,

KUH: VITU VINAVYOTENGENEZWA HAPA KWETU NA MADHARA YAKE KWA MZEE MSTAAFU

Nakusalimu kwa heshima nyingi. Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi, ingawa gazeti lako hulisoma kwa kinyozi. Jina langu ni Silas Mwirigi, karani mstaafu wa bohari ya shule. Sijawahi kuandikia gazeti kulalamika, hata mwaka ule mvua ya mawe ilipomaliza viazi vyangu. Lakini yaliyonipata nyumbani kwangu mwaka huu yamezidi, na naomba wahusika wasikie.

Chanzo ni mwezi wa Aprili. Kijana mmoja wa Kinoru anayetaka kumwoa binti yetu Sheila alikuja na wazee wake. Baba yake, Mzee Kaimenyi, ni mtu mzito na mwenye heshima, kwa hivyo tulimpa kiti kipya cha plastiki kilichotoka ng'ambo, bado kina karatasi yake ya kubandikwa. Mzee aliinuka kidogo kupokea uji. Alipoketi tena, miguu ya kiti ilienda kila mmoja na njia yake. Mzee akaanguka, uji ukamfuata. Sheila alijifungia chumbani akilia. Wageni walisema hakuna neno, lakini mazungumzo yote yaliyobaki waliyafanya wakiwa wamesimama.

Kesho yake mke wangu, Wawira, alisimama mlangoni akiwa ameshika mguu mmoja wa kile kiti.

"Baba Sheila," akasema, "kuanzia leo hakuna kitu kitaingia kwa hii nyumba kama simjui mwenye amekitengeneza."

Nilidhani ni hasira ya siku mbili. Sasa ni Novemba. Kwanza viliingia viti sita vya mbao za muuru, mti mgumu wa huku kwetu, kazi ya Gitari, seremala ambaye karakana yake iko ng'ambo ya barabara. Likaja jiko la udongo la Cicily mfinyanzi, halafu sufuria za jua kali, sweta la sufu ya kondoo lililofumwa na Veronicah wa kwaya, na akala zilizokatwa kwenye gurudumu la lori. Hata mfagio tunamjua mama yake. Malalamishi yangu ni haya:

1. Vitu hivi haviharibiki.

Acha nieleze vizuri. Zamani kila wiki kitu fulani kilikuwa kinakufa kwangu. Ikiwa si redio ni pasi, ikiwa si pasi ni tochi, mwavuli au zipu ya jaketi. Kila Jumanne nilitia marehemu kwenye mfuko nikaenda Meru mjini kwa Mwenda, fundi mwenye meza kando ya soko la Gakoromone. Pale tulikuwa wazee wanne, kila mmoja na kilichomharibikia. Tuliketi kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa kumi, tukizungumza siasa na magoti yetu. Mwenda ni mtu mwelewa. Hakuwahi kumaliza kazi ya siku moja kwa siku moja, kwa hivyo hata siku zingine za wiki nilirudi kuulizia hali ya marehemu.

Tangu Juni sijakanyaga Gakoromone. Sina cha kupeleka. Akala zangu nimezikagua juu na chini. Lori lenyewe lilishakufa, lakini gurudumu lake linaendelea na safari.

2. Nimejaribu kuvisaidia viharibike, nikashindwa.

Siku moja Wawira alipoenda mazoezi ya kwaya, nilichukua mpini wa jembe nikashughulikia kiti kimoja cha Gitari kwa muda wa saa nzima. Mwishowe mguu ulilegea kidogo pale kwenye kiungo. Sikufichi, Mhariri, nilifurahi. Nilikuwa natafuta gunia la kukibebea Wawira alipoingia.

Hakunigombeza. Alimwita Gitari. Yule bwana alifika mara moja, akainama, akakitazama kiungo, kisha akavua kofia.

"Mzee, nisamehe," akasema. "Hii ni aibu yangu. Sijawahi fanya kazi mbaya hivi."

Nilitaka kusema neno, lakini mpini wa jembe ulikuwa nyuma ya mlango na mimi nilikuwa mbele yake. Gitari alibeba viti vyote sita, akavitia vyuma, akavirudisha siku ya tatu pamoja na cha saba cha kuomba radhi. Kwa hivyo nilianza na viti sita visivyovunjika na sasa ninavyo saba. Lakini lile la kuvua kofia limenisumbua kuliko yote. Nimeliandika hapa kwa sababu pengine pa kulisema sina.

3. Vitu hivi haviwezi kutukanwa.

Kitu cha ng'ambo kikikuudhi unakitukana pamoja na kiwanda chake, na hakuna anayesikia. Mimi nilisema tu mezani, siku ya Ijumaa, kwamba sweta linaniwasha shingoni. Jumapili baada ya ibada Veronicah alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, akaingiza mkono kwenye kola yangu mbele ya mchungaji.

"Ni wapi? Hapa? Ama hapa?"

Alilichukua sweta, akalirudisha Jumatano likiwa na kola ya kitambaa laini. Haliniwashi tena. Sasa asubuhi za baridi ninaamka sina hata cha kunung'unikia.

4. Wageni hawaondoki.

Kwa haki lazima niseme kwamba wakwe walirudi mwezi wa Agosti. Mzee Kaimenyi alikibonyeza kiti kwa mkono, akakitikisa, ndipo akaketi polepole kama mtu anayeingia maji baridi. Kiti kikanyamaza. Mzee akaegemea, akafunga macho kidogo, akaomba uji wa pili. Mambo yote ya Sheila yalikubaliwa kabla ya chakula. Saa kumi na mbili alikuwa bado ameketi, akitueleza habari za ng'ombe aliyemuuza zamani sana. Kiti cha plastiki kingemaliza mkutano ule saa nane.

5. Niko nyumbani.

Hili ndilo kubwa. Nilistaafu miaka minne iliyopita, na katika miaka hiyo mimi na Wawira tulikuwa tukila chakula cha mchana pamoja siku ya Krismasi na siku za matanga. Sasa ni kila siku. Napewa viazi nimenye, na nimeambiwa kwamba ninavimenya kama mtu anayevidai. Nimegundua kwamba Wawira huimba akiosha vyombo. Nimegundua kwamba hapendi chai ya tangawizi, na kwamba ameninywea chai ya tangawizi tangu tulipooana, kwa sababu mimi naipenda. Mstaafu hapaswi kupewa habari za namna hii bila maandalizi.

Jumanne moja nilikuwa nimesimama langoni nikitazama barabara. Wawira alikuja na bakuli la njegere, nyuma yake amevuta viti viwili.

"Kwani huko Gakoromone kuna nini?" akauliza.

"Kuna fundi," nikasema.

"Na hapa?"

Nililitafuta jibu. Karani wa bohari huwa anajua kila kitu kiko rafu gani, lakini hilo sikulipata. Wawira aliketi akaanza kumenya njegere. Nikaketi pia. Kingekuwa kiti cha zamani kingevunjika wakati ule ule kikaniokoa. Hakikuvunjika. Tulimenya bakuli lote, na mimi ndiye niliyeenda kuleta njegere zingine.

6. Sheria yenyewe ina upendeleo.

Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia, kwa upole, kwamba ikiwa ni lazima kila kitu cha nyumba hii kiwe cha hapa, basi na yeye alitoka Embu.

"Ni kweli," akasema. "Lakini mwenye alinitengeneza unamjua. Ni mama. Nimpigie simu umweleze?"

Niliondoa hoja.

Kwa sababu hizo zote, Mhariri, naomba kupitia ukurasa wako:

(a) Itungwe sheria kwamba kila kitu kinachotengenezwa nchini kiwe na mahali pamoja dhaifu, patiwe alama nyekundu, ili mzee asipoteze nguvu kupatafuta.

(b) Mafundi wote wakatazwe kuvua kofia wanapoomba radhi, hasa kwa kosa ambalo si lao.

(c) Ikiwa (a) na (b) hazitawezekana, kila mstaafu agawiwe kitu kimoja kibovu kutoka ng'ambo kila mwezi, pamoja na barua ya kumwonyesha mke wake.

(d) Ikiwa hata hilo halitawezekana, basi nielezwe jibu la swali la njegere, maana Wawira bado huniuliza kwa macho.

Nisalimie wote wanaofanya kazi hapo ofisini kwako, wanaochapa na wanaosambaza. Ukipita Kiirua, karibu kwetu. Pa kuketi pako.

Ni mimi kwa unyenyekevu na uchovu,
Silas Mwirigi

Nyongeza: Barua hii ilikaa ndani ya Biblia siku sita kwa kukosa mtu wa kuipeleka, na katika siku hizo jambo lingine limetokea. Mpwa wangu Kirimi, anayefanya kazi Uarabuni, alitutumia birika la umeme kama zawadi, na Wawira alilikubali kwa sababu zawadi haikataliwi. Lilifanya kazi Jumamosi na Jumapili. Jumatatu likatoa moshi. Wawira akasema, "Basi kesho ni Jumanne. Nenda tu uwaone wenzako." Aliniambia hivyo bila ubaya wowote, tena akanipigia pasi shati.

Wakati akipiga pasi alianza kunieleza habari za shangazi yake wa Runyenjes na mbuzi aliyetolewa sadaka kanisani. Alifika mahali ambapo mbuzi ameingia madhabahuni na askofu yuko njiani, nami nikaona saa imefika, nikachukua mfuko nikatoka. Nilitembea mpaka barabarani. Gari la Meru lilikuja likasimama, kondakta akafungua mlango, akaniuliza kama naingia ama siingii.

Nilirudi nyumbani. Wawira alinitazama, akatazama mfuko, akaendelea na mbuzi pale alipomwachia madhabahuni. Birika sasa kuku wananywea maji. Kwa hivyo Mhariri, yale maombi yangu manne usiyachapishe, wala usiyapeleke kwa yeyote serikalini. Ningekuandikia mbuzi yule alifanya nini, lakini ni hadithi ndefu, na Wawira bado hajamaliza.