Likizo ya Baba kwa Mama Waisiko

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimerudi kutoka Mugumu. Semina ya haki za wafanyakazi imekwisha, na kutoka shuleni kwetu nilikwenda mimi peke yangu. Gidion dereva naye alipangiwa. Nilimwambia imeahirishwa. Masikini, akaamini, akabaki kuosha basi. Siasa ni siasa.

Maana Ijumaa ya wiki ijayo tunachagua mwakilishi wa wafanyakazi, na wagombea ni mimi na Gidion. Mwakilishi ndiye anayeongea na uongozi mtu akionewa, na ndiye anayeitwa kwenye semina zote mpaka Musoma, kwenye kuku na soda. Mimi mtunza stoo nimekaa na magunia ya maharage vya kutosha. Wakati wangu umefika.

Semina yenyewe tamu. Asubuhi nilisikiliza kila kitu: mikataba, saa za kazi, mtu kufukuzwa bila kusikilizwa. Mchana baada ya pilau sheria ziliendelea, ila mimi nilisinzia kidogo. Nilichoshika kinatosha.

Jioni nikaingia jikoni, nikapanda juu ya ndoo, nikahutubia wapishi. Nikawaambia kuanzia leo hakuna kuonewa. Wakapiga miiko kwenye masufuria! Ndipo Mama Waisiko, mpishi mkuu, akanyoosha mkono. Huyu mama hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akatoa ng'ombe wake mwenyewe akamwoa binti anaitwa Bhoke, nyumba ntobhu kama desturi yetu inavyoruhusu, ili nyumba yake ipate watoto. Bhoke yuko karibu kujifungua. Mama akauliza kama sheria ina chochote kwa ajili yake.

Wote wananitazama mimi. Kura zote za jikoni zimesimama pale! Nikasema ipo. Likizo ya baba. Mtoto akizaliwa, baba anakaa nyumbani siku tatu na mshahara uko palepale. Sasa aliyetoa mahari ni nani? Si yeye? Basi baba ni yeye. Mama Waisiko akaziba mdomo kwa kanga, machozi yakamlengalenga. Wapishi wakapiga vigelegele mpaka wanafunzi wakachungulia madirishani.

Gidion kwisha habari yake.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemsimulia Esta, mke wangu. Akauliza kama Mama Waisiko hatakiwi kuomba ruhusa kwanza. Nikamwambia haki haiombwi. Akauliza hilo lilisemwa asubuhi au baada ya pilau. Wanawake wengine wana maneno!

Gidion amegundua kuwa semina ilifanyika. Ameacha kunisalimia. Shauri yake.

Jumatano, 10 Septemba

Balaa.

Alfajiri simu ya Mama Waisiko ililia jikoni. Bhoke amejifungua salama, mtoto wa kiume! Mama akavua aproni, akanitupia mimi niliyekuwa nimeleta sukari, akatoka mbio kutafuta bodaboda. Uji wa shule nzima uko jikoni! Ukaungua. Harufu ikatembea mpaka ofisini kwa Madam Eugenia.

Madam Eugenia ndiye meneja wetu. Mtu wa Mbinga, sauti yake ya upole, lakini akikuita kwa majina yako yote mawili, jiandae. Akauliza Mama Waisiko yuko wapi. Wapishi wakasema yuko likizo ya baba. Akauliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Wakasema tena. Akauliza nani amempa hiyo likizo. Wote wakanigeukia. Wote! Walewale wa vigelegele.

Akasema kwa kuwa mimi ndiye ninayegawa likizo, basi mimi ndiye nitakayeshika mwiko mpaka mpishi arudi.

Alhamisi, 11 Septemba

Ugali wa bweni si mchezo. Mkono wa kulia hauinuki, naandika kwa shida. Leo umetoka na mabonge, na ukiyapasua unakuta unga mkavu. Kidato cha pili wamegoma kula, wakajipanga uwanjani wakiimba. Gidion alisimama mlangoni anatafuna muwa, akawaambia wapishi eti hivyo ndivyo uwakilishi wangu utakavyokuwa, nje mgumu ndani mbichi. Wakacheka. Kura zinanitoka hivihivi naziona!

Nikapanga mkakati. Nikaenda kwa Madam kumwelimisha juu ya mila. Nikamweleza jinsi mwanamke anavyoweza kuoa, na watoto wakawa wa nyumba yake. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu akaweka kalamu chini, akasema amenielewa na desturi za watu anaziheshimu, lakini sheria inampa likizo hiyo baba wa mtoto. Tena hata baba mwenyewe huaga, haondoki tu na uji ukiwa jikoni.

Kumbe Madam sheria anaijua! Hilo sikulitegemea kabisa.

Halafu akasema jambo lililonikata maini. Kuacha kazi bila ruhusa ni kosa, na huenda Mama Waisiko akapoteza ajira. Hatamfukuza bila kumsikiliza. Jumatatu kutakuwa na kikao cha nidhamu, mama aje ajitetee, aje na mfanyakazi mwenzake wa kumsemea. Akanituma mimi nikampe taarifa mapema, nimweleze kila kitu ili ajiandae.

Mama Waisiko ndiye anayelisha ile nyumba. Sasa ina midomo mitatu. Na yote haya kwa sababu ya mdomo wangu mimi! Nimeshindwa kula. Ingawa ulikuwa ugali wangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda kwa Mama Waisiko. Nia yangu ilikuwa kumwambia ukweli, Mungu ni shahidi. Lakini nilimkuta amekaa kibarazani, mtoto mapajani, anamwimbia kwa Kikurya, na majirani wamejaa uani. Aliponiona akasimama, akawaambia watu kwamba huyu ndiye mura, kijana wa kiume hasa, aliyesema mbele ya kila mtu kuwa yeye ni baba. Wazee walinipa mkono! Hata sikuwahi kuwaamkia shikamoo. Nikaletewa kiti, maziwa mgando, kuku.

Wewe ungeweza kusema? Mimi nilikula. Nilipomaliza paja la pili nikamwambia Jumatatu akirudi kazini kuna kikao kidogo. Akauliza kikao cha nini. Nikasikia sauti yangu inasema ni cha kumpongeza.

Nimejilaumu njia nzima. Esta ameniambia nimpigie simu sasa hivi nimweleze. Nikasema kesho. Halafu nikakumbuka kesho ni Jumapili, na Jumapili si siku ya kumpa mtu habari mbaya.

Jumatatu, 15 Septemba

Amekuja. Amevaa gauni la kanisani, kibuyu cha maziwa mkononi, na majirani wawili nyuma yake wanapiga vigelegele tangu getini. Madam Eugenia alitazama dirishani, kisha akanitazama mimi. Nikajifanya natafuta kiti.

Tulikaa ofisini. Gidion naye aliitwa, maana ni wa siku nyingi hapa shuleni na wafanyakazi wanamwamini. Madam akasoma tuhuma: kuacha kazi bila ruhusa. Mama Waisiko alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu likamtoka polepole. Akaweka kibuyu sakafuni, akanigeukia, akanitazama. Nimewahi kuchapwa shuleni, nimewahi kukimbizwa na fahali. Hakuna kilichoniuma kama yale macho.

Akaulizwa nani atamsemea. Akasema ni Nashoni, si ndiye mjuzi wa sheria. Mimi! Nikasimama. Nikasema hakuna mahali palipoandikwa kwamba baba lazima awe na ndevu. Nikauliza ng'ombe wa mahari walitoka kwenye zizi la nani? Mtoto akiumwa, nani atahangaika kumtafutia dawa? Nani atamsomesha? Mama Waisiko! Basi mtoto ni wake, na asiyeamini aende Kisaka, Kenyamonta, popote, akaulize. Nilijishangaa mwenyewe. Jirani mmoja alifuta machozi.

Madam akasema nimeongea vizuri, lakini hana uwezo wa kubadilisha sheria pale mezani. Inamtaja baba wa mtoto. Hapo jazba ikanipanda. Nikasema kama baba si huyu, basi na atafutwe huyo mwingine! Aitwe leo hii mbele ya kikao, ahojiwe!

Majirani wakaanza kutazama dari. Kwetu hilo haliulizwi hadharani, mwanamume aliyehusika hana lake pale na hatajwi. Nalijua tangu utoto. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Ndipo Gidion akapaliwa. Hakuwa anakula chochote! Alikohoa mpaka akapewa maji. Alipopata pumzi akasimama upesi, akasema jamani hakuna haja ya kufika huko. Akasema Mama Waisiko mwaka huu hajapewa hata siku moja ya likizo yake ya mwaka, kila akiomba anaambiwa hakuna mpishi wa kumshikia. Basi siku alizokaa nyumbani zikatwe humo, kesi iishe, tunywe maziwa. Na jasho linamtiririka.

Madam Eugenia akavuta faili la likizo, akalipekua. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema, kwa sauti yake ileile, kwamba Gidion amesema kweli na kosa ni la ofisi. Likizo ya mwaka ni haki ya mfanyakazi, si zawadi ya mwajiri, na upungufu wa wapishi si sababu ya kumnyima. Akamwomba Mama Waisiko msamaha. Meneja! Mbele yetu sote! Ajira iko palepale. Siku zilizobaki aende akazimalizie sasa hivi, akamlee mtoto, na atatafutwa mpishi wa muda. Na kuanzia mwezi ujao kila mfanyakazi atapangiwa likizo yake mapema.

Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa kugawa likizo zisizo zangu.

Maziwa yalinywewa. Mama Waisiko alimimina kila kikombe yeye mwenyewe. Changu kilijaa nusu.

Nilipomsimulia Esta juu ya Gidion kupaliwa, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama nilimwangalia vizuri yule mtoto. Nikasema nilimwangalia, mzuri tu, masikio mapana yamesimama hivi. Akasema enhe, na masikio ya namna hiyo hapa shuleni anayo nani?

Ala!

Ijumaa, 19 Septemba

Uchaguzi umefanyika. Gidion ameshinda kwa kishindo. Amebebwa juujuu kuzunguka bwalo. Sikatai, aliokoa kazi ya mtu, hata kama alikuwa anajiokoa na yeye.

Mimi nimepata kura mbili. Moja naijua. Nilizungusha macho bwalo zima kutafuta mwenye ile nyingine.

Mama Waisiko alikuja kupiga kura ingawa yuko likizo, mtoto mgongoni. Akanivuta pembeni karibu na bomba. Akasema alinikasirikia sana. Akasema ningemwambia ukweli tangu mwanzo angeaga tu kama watu wengine, na ningemwambia ile Jumamosi asingekuja na vigelegele kwenye kesi yake. Nikamwomba radhi. Sikutafuta kisingizio, na nilikuwa navyo viwili vitatu.

Halafu akasema kura ya pili ni yake. Nikadhani ananitania. Akasema yeye anamshukuru Gidion, kazi anayo kwa sababu yake. Lakini miaka yote amesikia watu wakinong'ona kwamba ile ni nyumba isiyo na kitu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya ofisi akasema kwa sauti kwamba mtoto ni wake. Nilisimama mimi. Akamfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mikononi.

Nililia. Nimeandika, basi, nililia. Mtoto akanishika kidole hakutaka kuachia.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeamka mtu mpya. Nimemwapia Esta kwamba kuanzia leo mimi na ushauri wa sheria basi. Mwenye swali aende kwa mwakilishi. Nitafungua stoo, nitafunga stoo, nitanyamaza.

Saa nne akaja Tomaso, mlinzi wa getini, macho mekundu. Fahali wake amekufa kwao Nyansurura. Akauliza kama kuna likizo ya msiba. Nikamwambia akamwone Gidion. Akasema Gidion atamzungusha na taratibu, yeye anataka jibu la mtu anayejua.

Mtu anayejua!

Nikamwuliza huyo fahali alikuwa na jina. Akasema analo. Nikamwuliza aliishi naye hapo nyumbani. Akasema tangu ndama. Nikamwambia pole sana ndugu yangu, mtu akifiwa na wa nyumbani kwake anapewa siku nne na mshahara uko palepale, nenda salama, usisumbuke kuaga.

Naandika haya nikiwa getini, rungu lake mapajani. Gari la Madam Eugenia liko nje linapiga honi, na funguo za geti Tomaso ameondoka nazo. Acha apige. Akishuka nitamweleza haki za mfiwa.