Kituruki Changu na Karoti za Mjomba

Jumapili, 13 Julai

Ukungu tangu asubuhi. Baridi hii haina huruma. Nimekunywa chai nikiwa ndani ya blanketi, humu ndani ya banda langu la video, na nina hasira.

Jana ilikuwa zamu ya Kristian. Kundi letu la Sinema Jumamosi lina shindano: kila mwanachama alete filamu ya lugha ya mbali, isiyo Kiswahili wala Kiingereza, tuitazame wote, tujadili, tutoe alama. Mwajuma alileta ya Kifaransa. Mwanamke anavuta sigara dirishani mpaka mwisho. Tulibishana kama imekwisha au umeme umekatika. Sasa Kristian kaleta ya Kijapani. Mzee anapaka rangi mlango. Saa mbili nzima! Mlango mmoja! Nilisubiri auawe mtu, hakuuawa hata kuku. Nikajua hapa atazomewa. Wapi. Mwajuma alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mwalimu Beatha, mwenyekiti wetu, alisema ule mlango ndio maisha ya yule mzee. Kristian akaitikia kwa kichwa, utadhani kaupaka yeye. Akapewa tisa kwa kumi.

Mshindi ndiye anayechukua kundi. Kuanzia Agosti Jumamosi zote zitakuwa kwake. Kristian ana gesti njia ya kwenda Gare, ana sofa, ana runinga pana kama kitanda cha maharusi. Mimi nina mabenchi. Lakini banda hili ni la Mjomba Yusufu, na Mjomba analima karoti kule Mtae na anataka stoo karibu na soko. Kaniambia waziwazi: kundi likiondoka, hana sababu ya kuniachia chumba kitupu. Ataingiza karoti. Na mimi nalala humu humu. Nina miaka thelathini na sita, sijui kazi nyingine, na mahali pengine pa kulala sina.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu, ya mwisho. Nimeshachagua: Kisasi cha Mzee Magogo, ya Kituruki. Naijua tangu darasa la tano. Mzee Magogo anaibiwa mbuzi na tajiri, anashuka mjini, anawachapa wote. Wakati wa kutangaza niliongeza kidogo kwamba Kituruki nakisikia vizuri. Mwalimu Beatha akauliza ni Mturuki gani anaitwa Magogo. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ni ukoo mkubwa sana kule.

Jumatatu, 14 Julai

Kristian ni nyoka. Kaandika kwenye wasap ya kundi kwamba, kwa haki ya shindano, filamu zote ziwe za asili: sauti za wahusika wenyewe, maandishi ya Kiingereza chini, na mtafsiri asisikike. Mwalimu kaafiki. Mwajuma kaafiki. Hata mimi nikaafiki, ningefanyaje.

Sasa diski yangu ni ya mtafsiri. Yule bwana anayeongea Kiswahili juu ya filamu mwanzo mpaka mwisho, wahusika wote anaigiza yeye, wanawake, watoto, mbuzi. Ndivyo tulivyokulia sinema huku kwetu. Sijawahi kumsikia Mzee Magogo mwenyewe akifungua kinywa. Nimekaa nikiitazama ile diski muda mrefu.

Jumatano, 16 Julai

Imepatikana ya asili! Jamaa anayejaza nyimbo kwenye simu pale stendi kaitafuta kutwa nzima. Jina halisi la filamu halina kisasi chochote, ni neno refu la Kituruki lenye nukta mahali pasipostahili nukta. Lakini picha ni zilezile. Mlima, mbuzi, Mzee Magogo na kofia yake. Nilimkumbatia yule jamaa.

Nimeanza kuitazama, na kuna jambo. Pale mwanzo, Magogo anapomtukana mkwewe kwa kumnyima ugali, maandishi ya chini yana neno la mama na neno la kaburi. Nimehakikisha kwenye kamusi. Ugali haupo. Nimewaza sana, na jibu ni moja tu: yule mwandishi wa Kiingereza kakosea. Kituruki hakijamkaa. Umeme umekatika kabla sijafika mbali, lakini mbuzi wapo na mzee yupo, basi inatosha.

Hatari ni Mwalimu Beatha. Kiingereza anasoma haraka kuliko mimi ninavyomeza mate. Akiyaona makosa ya yule mwandishi atanipinga mbele za watu, kundi litakwenda kwa Kristian, na mimi nitalala na karoti.

Kwa hiyo nitayafunika. Kitenge kizuri sehemu ya chini ya runinga, kama pambo. Wahusika watakatika miguu tu. Nami nitasimama kando na kufafanua kwa kinywa changu, maana Kituruki nakisikia. Kanuni inamkataza mtafsiri wa kwenye diski. Mwenye banda haikumtaja.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya. Asubuhi nilimnong'oneza kinyozi kwamba sofa za Kristian zina kunguni. Hadi adhuhuri habari ilikuwa imenirudia mwenyewe, tena imenenepa: kunguni wamemng'ata mtalii Mjerumani, kakimbizwa Tanga. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Jioni Mwajuma akaja. Nilisahau kabisa kwamba Mwajuma ndiye anayefua na kusafisha pale gesti. Alisimama mlangoni, akakataa kukaa. Kwa sauti ya chini akaniambia kwamba sofa zile anazikung'uta yeye kwa mikono yake kila siku ya Mungu, na leo sokoni wamemwita Mama Kunguni. Nikasema labda walimaanisha gesti nyingine. Akasema Jumamosi atakuja, atakaa, atatoa alama.

Nimempelekea kabichi mbili. Moja kairudisha, moja kaipika. Sijui hizo ni alama ngapi.

Ijumaa, 18 Julai

Mjomba kashuka na lori la karoti. Nilimpa shikamoo mara mbili. Ya kwanza hakuisikia, au aliisikia. Baada ya sala ya Ijumaa akaja na kamba akapima banda. Urefu, upana, mpaka pale ninapoweka mto. Alikuwa anahesabu kwa Kishambaa, taratibu, bila ubaya wowote, na hapo ndipo nilipoogopa. Mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza. Huyu alikuwa anafikiria karoti tu. Akasema ukuta wa nyuma una unyevu, itabidi ziwekwe juu ya mbao.

Kisha akasema kesho na yeye atakaa atazame, aone kama kweli watu wanakuja. Hajawahi kutazama filamu humu hata siku moja. Nikamkaribisha chai. Siku hizi anakula peke yake, tangu mkewe afariki na watoto wahamie Dar. Alikunywa, halafu akaniuliza kama usiku sisikii baridi humu ndani. Nikasema hata kidogo. Nilijua anatafuta kisingizio cha kunitoa.

Nimefanya mazoezi mpaka sauti imekauka. Sauti ya Magogo, sauti ya tajiri, sauti ya mbuzi. Mbuzi natoa vizuri kuliko mtafsiri mwenyewe.

Jumamosi, 19 Julai

Banda lilijaa. Baada ya alasiri hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha mguu. Mjomba benchi la mbele, kofia magotini. Mwalimu Beatha kando yake. Kristian nyuma yao, mikono kifuani. Mwajuma benchi la tatu, hakuitikia salamu yangu. Kitenge nilikuwa nimekipigilia msumari huku na huku. Kilipendeza.

Nikaanza. Magogo kanyimwa ugali, watu wakacheka. Magogo kamkimbiza tajiri, wakacheka. Kwenye picha alikuwa anatembea tu, lakini nikaeleza kwamba Waturuki hukimbia hivyo. Nikamtupia Mjomba jicho. Mabega yalikuwa yanatikisika! Nilipompitia karibu akanivuta shati, akaninong'oneza kwamba kumbe watu wanakuja kweli, basi karoti zinaweza kungoja. Maneno yake haya haya. Ningekuwa na akili, hapo hapo ningezima mashine na kuwaaga.

Sikuzima. Utamu ulikuwa mbele: Magogo mjini, mvuani, mlangoni kwa mchinjaji, mbuzi mmoja kamshika kamba. Nikanguruma, nikamwamuru mchinjaji atoe mbuzi waliobaki au nimfanye mishikaki. Banda zima likacheka, isipokuwa Mwalimu Beatha. Akaniuliza kwa upole, Zuberi mwanangu, mbona huyo mzee analia. Nikasema ni mvua.

Kristian akainuka. Taratibu. Akasema pale mlangoni kama kuna mtu ameketi chini, hatumwoni, kitenge kinamziba. Nikamwambia kitenge kina misumari. Akasema misumari hung'oka. Nikaenda kusimama mbele ya runinga. Minong'ono ikaanza, Kiswahili huku, Kishambaa kule. Yeye akashika pembe moja, mimi nikashika nyingine, tukatazamana. Hakuna aliyevuta. Nikaona Mjomba naye ameacha kutabasamu, ananitazama mimi badala ya filamu.

Mwajuma akanyanyuka. Akapita katikati ya mabenchi, akakitoa kitenge kwa mkono mmoja, misumari na yote. Akakikunja vizuri, akarudi kukaa nacho.

Maandishi yakaonekana. Mwalimu akavaa miwani, akaomba nirudishe nyuma kidogo, akaanza kusoma kwa Kiswahili, bila haraka. Mchinjaji hakuwepo. Aliyeketi nyuma ya mlango ni mtoto wa yule mzee. Waligombana siku ya kumzika mama, kijana akaondoka. Baba kamfuata mjini kumrudisha, ila anaona haya kumwambia, kwa hiyo anamwambia mbuzi. Mwambie chumbani kwake sijaweka kitu. Mwambie jioni bado napika cha watu wawili, ndipo nakumbuka.

Nikasema kwa sauti kwamba Mwalimu anakosea, ni mishikaki. Mjomba, bila kugeuka, akaniambia ninyamaze nimwache Mwalimu asome. Sauti ilikuwa imemkauka. Nikakaa sakafuni. Hata mimi machozi yalinitoka, na iliniudhi sana kulizwa na Magogo, mtu ninayemjua tangu darasa la tano.

Mwishoni yule kijana akaufungua mlango. Mjomba alijifuta uso kwa kofia. Tulijadili mpaka karibu na magharibi, watu wakisema mambo ya baba zao ambayo sijawahi kuyasikia katika banda hili. Kisha alama. Kumi! Kumi kila upande. Hata Kristian akatoa kumi. Mwajuma alitoa kumi, akasema wazi kwamba ni ya filamu, mimi nisijishirikishe. Nimemshinda Kristian!

Jumapili, 20 Julai

Mjomba kaja mapema. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kushukuru kwa kuachiwa banda. Akaketi benchini, akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono. Akasema hakulala. Kumbe miaka yote hii mtoto wa dada yake analala kando ya ukuta wenye unyevu, na yeye ana nyumba ya vyumba vinne Mtae, anapikia sufuria ndogo. Akasema aliona haya kuniita. Sasa ananiita. Turudi nyumbani.

Nikamwambia ile ni filamu tu, Mjomba. Nikamwambia tafsiri sahihi kabisa ni ile yangu ya mishikaki. Akasema hata kama ni mishikaki. Halafu akalia. Mzee wa Mtae akilia amekushika mkono, utamwambia unapenda zaidi kulala kwenye mabenchi? Nikasema ahsante, Mjomba.

Karoti zinaingia kesho. Kwa kuwa mshindi hana tena pa kukaribisha watu, Mwalimu kaamua kundi liende kwa mshindi wa pili. Kristian alikuja kunipa mkono na kunipa pole ya dhati kabisa. Afadhali angenicheka.

Jumanne, 22 Julai. Mtae

Barabara imenikoroga matumbo. Mjomba kanipa chumba chenye dirisha la kutazama tambarare yote kule chini, kapika maharage, kanisimamia mpaka nimemaliza. Nimelala vizuri. Sitaki kuliongelea.

Leo jioni nimepita dukani kwa Saidi, hapa juu. Ana runinga, na watu hukusanyika kutazama tamthilia ya Kifilipino, ya asili, haina Kiswahili wala maandishi. Hakuna anayeelewa kitu! Saidi anawadanganya tu kwamba binti mwenye gauni jekundu ni mke mdogo. Niliwavumilia kidogo, kisha nikasema yule si mke, ni mpelelezi. Wakageuka wote. Saidi akauliza nimejuaje. Ilinibidi niwaeleze kwamba niliwahi kuishi Manila.

Wamenipa kiti cha mbele na chai ya maziwa. Saidi kafurahi kupita kiasi. Anasema kuna Sista mmoja Mfilipino, mgeni wa misheni, anapita hapa Alhamisi, na hajapata mtu wa kuzungumza naye lugha ya kwao tangu afike nchini. Wanataka kunikutanisha naye. Nimewaambia aje, bila wasiwasi. Nikawaonya tu mapema kwamba Kifilipino changu ni cha milimani kabisa, huenda Sista asikielewe vizuri.