Pensheni ya Mukono wa Kushoto

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba

Leo nimepata avoka, wakili wa kunisemea serikalini. Bure kabisa. Anaitwa Maître Annonciata. Kila asubuhi anasaidia watu wa parokia yetu hapa Murara, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Mwanamuke mufupi, sauti ya chini, viatu visivyo na vumbi. Sijui anafanyaje katika muji huu.

Nikamueleza kwamba ninataka pensheni ya serikali, ile ya watu walioumia kazini. Akauliza niliumia wapi. Nikasema kwa mashine ya kusaga mihogo, mwaka jana. Ilikula vidole vitatu vya mukono wa kushoto. Akasema dosye yangu, ile faili ya karatasi zangu, ni nyepesi: bosi alitangaza ajali yangu kwa ofisi ya pensheni, mashahidi wapo, inabaki tu daktari wa ofisi autazame mukono siku ya Alhamisi. Akaomba auone yeye kwanza. Nikasema kuna baridi, ubaki mufukoni.

Nyepesi. Neno hilo limeniharibia chakula cha jioni. Tangu lini serikali inamupa mutu kitu kwa dosye nyepesi?

Jumanne, tarehe 10 Oktoba

Jirani yangu Ruffin naye ameomba pensheni. Tulifanya kazi kwa mashine moja. Yeye aliumia mugongo kwa kubeba magunia. Sasa ana magongo mawili yanayong'aa. Leo amepita mbele ya mulango wangu mara nyingi kuliko lazima. Watu wanamupisha. Mama mumoja amemupa kiti. Mwingine amemupa ndizi.

Mimi nina mukono ndani ya mufuko. Nani atanipa ndizi?

Nimekata shauri: nitasema hata muguu uliumia. Nikatoka mpaka njia ya Munigi kujizoeza kuchechemea. Hakuna aliyenitazama. Nikaangalia vizuri: wote wanachechemea. Juu ya mawe haya ya volkano hata padri anachechemea. Nguvu za bure.

Niliporudi, muke wangu Jeanine akauliza kwa nini nimeondoka nikivuta muguu wa kuume na nimerudi nikivuta wa kushoto. Nikasema maumivu yanatembea. Akarudi kwa bugali yake.

Jumatano, tarehe 11 Oktoba

Wazo jipya: masikio. Sikio halitembei, haliwezi kukosea upande.

Nikaenda kwa Maître kumueleza kwamba ile mashine ilipiga kelele miaka mingi na sasa sisikii tena. Akauliza tangu lini. Nikasema, eeh? Akarudia kwa nguvu. Nikasema, eeh? Akaweka kalamu chini. Halafu akasema polepole, kwa sauti ambayo hata watu wa nje waliisikia:

"Papa Bahizire, mimi ninapeleka ukweli peke yake. Wakikuta uongo mumoja, watasema hata vidole ni uongo. Watafunga dosye, na mimi sitaweza kuifungua."

Nikaogopa. Lakini kiziwi hawezi kuonyesha kwamba amesikia. Nikamushukuru kwa kupaza sauti, kama viziwi wanavyofanya, nikatoka. Njiani nikajiambia: huyu mama ana vidole vyote. Anajua nini?

Alhamisi, tarehe 12 Oktoba

Siku mbaya.

Benchi ya ofisi ilijaa. Ruffin alinitunzia nafasi kando yake. Akanisalimia, nikaweka mukono muzima kwa sikio. Akashika bega langu kwa huruma. Mutu muzuri, na hilo ndilo linaniudhi kwake.

Karani akafungua mulango, akaita Bahizire. Ruffin akanisukuma, akasema ninaitwa. Nikasema, eeh? Benchi nzima ikageuka. Mama mumoja akasema maskini. Nilisikia utamu fulani. Karani akaita tena. Ruffin akanionyesha mulango kwa gongo. Nikasema, eeh? Nilitaka wote wawe mashahidi. Nilipoona kwamba wametosha, nikasimama taratibu. Karani alikuwa amekwisha kuita jina lingine na mulango umefungwa.

Daktari alifanya kazi mpaka muchana, akaondoka. Karani akaniambia kwamba daktari atapokea tena kesho asubuhi tu, halafu anaenda Butembo, na hakuna anayejua atarudi lini. Hilo nililisikia mara moja.

Nyumbani nikamuambia Jeanine yote. Akauliza Maître anafika kanisani saa ngapi. 

Ijumaa, tarehe 13 Oktoba

Kabla sijanywa chai Jeanine alikuwa amekwenda kumuchukua Maître. Tukafika ofisini sote watatu. Maître akazungumza na karani kwa ile sauti ya chini, na tukaingia wa kwanza.

Daktari ni kijana mwenye macho ya kuchoka. Nikaanza kuchechemea tangu mulangoni.

"Papa Bahizire, ukae," akasema Maître. "Utoe mukono."

Nikasema kuna baridi.

Jeanine akamugeukia daktari. "Hata mimi ananificha. Kila asubuhi ninamufunga vifungo vya shati, na yeye anaangalia ukuta."

 Nikautoa. Daktari hakukunja uso. Aliushika vile mutu anavyoshika mukono wa rafiki, akaniambia nifunge kifungo kimoja. Nikajaribu. Kikateleza. Nikajaribu tena, jasho likanitoka, na safari hii sikuigiza kitu.

"Inatosha, papa," akasema, akaandika.

Akauliza kama kuna maumivu mengine. Maître akanitazama. Jeanine akanitazama. Muguu wangu ulinibembeleza niuseme. Nikasema hapana. Hilo lilikuwa gumu kuliko kifungo.

Nimerudi na mukono nje ya mufuko. Mama anayeuza viazi njiani aliutazama, akauliza kama ninataka vikubwa au vidogo.

Jumatatu, tarehe 6 Novemba

Pensheni imekubaliwa! Yangu na ya Ruffin, siku moja. Jeanine amekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, Ruffin amekuja na magongo yake, tumekula vizuri sana. Mukono ulikuwa juu ya meza muda wote. Hakuna aliyekosa hamu ya kula.

Habari imefika mbali. Jioni amekuja Hategekimana wa Kibati, fundi wa kuchonga mawe. Kipande cha jiwe kilimuharibia jicho moja. Anataka kuomba pensheni, na Maître atamupokea kesho. Akaniuliza nilifaulu namna gani. Nilimuhurumia. Jicho moja tu, hiyo ni dosye nyepesi. Nikamukalisha, nikamufundisha kukohoa.

Si mwanafunzi muzuri. Anakohoa kama mutu anayeita mbuzi. Kesho alfajiri, kabla hajaenda kwa Maître, tutajaribu bega. Nimemuambia aondoe wasiwasi: anafundishwa na mutu ambaye dosye yake ilipita.