Pweza wa Mpira na Chewa wa Harusi

Jumamosi, 2 Novemba 1957

Leo nimeahidi chewa. Sijui nani aliniinua pale nilipoketi.

Tulikuwa barazani kwa baba mkwe wangu, Mzee Mbwana, kupanga karamu ya harusi ya Mishi, mdogo wa mke wangu. Harusi ni Jumapili ijayo. Iddi, mwanyumba wangu aliyemwoa dada yao mkubwa, akajitolea mbuzi watatu. Alilisema jambo hilo polepole, kana kwamba mbuzi kwake ni mchicha. Watu wakamwombea dua. Kisha wote wakanigeukia mimi, Sefu wa Dzombo, fundi baiskeli, mwenye pampu moja na kopo la gundi ya viraka. Mdomo ukaondoka bila mimi. Nikasema, mbuzi wa nini, na sisi ni watu wa bahari? Nitaleta chewa mmoja wa kushibisha watu hamsini.

Mzee akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia babu yangu alikuwa mvuvi. Uso ukamnawiri. Akamwambia Iddi awarudishe mbuzi wake malishoni, mwaka huu tutakula bahari.

Basi mbuzi hakuna. Nipo mimi tu.

Biasha, mke wangu, alingoja mpaka tulipofika mlangoni kwetu. Hapo akataka kujua ni samaki gani mkubwa kuliko wote niliyepata kumvua. Nikamwambia tafi. Akaniuliza ukubwa wake. Nikajifanya nimeitwa na jirani.

Jumapili, 3 Novemba

Chewa hutaka pweza, hilo kila mtu analijua. Na pweza wote wa Kinondo wamo mikononi mwa Bi Jumwa. Maji yakitoka huenda na kijiti chake miambani, akawachokoa mmoja mmoja, na hakuna amwezaye. Taabu ni kwamba mwaka jana nilisema mbele za watu kuwa pweza wake mgumu kama mpira wa baiskeli.

Nilikwenda. Nikaamkia shikamoo mara mbili. Akaitikia mara moja. Nilipoomba chambo, akaniambia kama pweza wake ni mpira, basi nikavue kwa mpira.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilipofika penye mnazi wa kwanza nikasimama. Mpira! Laini, hauraruki, hauozi, na ninao wa kutosha. Bi Jumwa amenifungulia mlango huku akidhani anaufunga.

Mpira wangu mwenyewe mweusi, na pweza hawi mweusi. Lakini Mwalimu Tembo ameniachia baiskeli yake nimzibie tundu, na mpira wake wa ndani mwekundu kama pweza aliyekasirika. Nikakata shubiri tatu tu. Nikaziunganisha ncha mbili kwa gundi. Ukiuvuta vizuri unazunguka gurudumu, ingawa unalalamika.

Nimepata pweza watano, kila mmoja na mikono minane. Nimewaloweka katika mafuta ya papa. Biasha ameitoa sufuria nje, kisha akanitoa na mimi.

Jumatatu, 4 Novemba

Mwalimu amekuja kuchukua baiskeli. Akanishukuru. Mtu muungwana.

Nilishuka hadi kwenye mwamba unaotazama kisiwa cha Chale, penye shimo refu ambalo wazee husema ndilo la machewa. Nani amekaa pale? Nzai. Huyu Nzai ni mtu wa barani, kutoka upande wa Kinango. Amekuja kuchunga ng'ombe wa Mzee Mwinga, na bahari ameiona mwaka huu kwa mara ya kwanza. Kando yake walikuwapo samaki changu wanne, kila mmoja sawa na sahani. Anavua kwa mshipi uliojaa mafundo na vipande vya ngozi ya mbuzi iliyolowekwa ikalainika! Akanisalimu vizuri. Nikaitikia kama mwenyeji.

Nilitupa pweza wangu. Badala ya kuogelea akazunguka kama pia. Mshipi wote ukajisokota mpaka ukawa kamba ya kufungia mashua. Nikautengua. Nikatupa tena. Ndoana ikakamata jiwe, nikavuta, pweza akabaki huko. Wa pili naye akabaki.

Nzai akaniomba radhi kwanza, kisha akaeleza. Kwao huvua kambare bwawani, na bwawa limejaa visiki vya miiba, kwa hiyo wamejifunza. Ndoana ipite katikati ya kichwa cha chambo, inyooke, maana ikikaa upande chambo huzunguka. Kisha ncha irudishwe ndani ya mpira, ijifiche kidogo tu. Hivyo haikamati jiwe, lakini samaki akibana, mpira hubonyea na ncha hutokeza. Chubwi, ule uzito wa kuzamishia, ikae mbele ya kichwa. Na nisivute mfululizo, nivute kidogo kisha niache ianguke, kwa kuwa samaki humeza kinachoanguka.

Nikamwambia kwetu hayo tunayajua tangu enzi za babu.

Nilipofika nyumbani nikafanya vile vile alivyosema, neno kwa neno.

Jumatano, 6 Novemba

Jana mvua. Leo pweza wangu aliogelea, nakiri, kama aliyezaliwa huko. Tatizo, nilikuwa mwisho wa mwamba, mahali pa mabunju, kwa sababu Nzai alikuwa amekalia shimo la machewa. Bunju, samaki anayejivimbisha, ana meno kama mkasi wa fundi cherehani. Nilipomtoa pweza majini alikuwa na mikono mitatu.

Nikafanya hila. Nilimwendea Nzai nikihema, nikamwambia ng'ombe wake wameingia kwenye shamba la mihogo na watu wanawafukuza kwa mawe. Uongo mtupu. Akaacha kila kitu akakimbia. Nikakaa mahali pake, pangali na joto.

Nilitupa. Kitu kikavuta! Nikavuta. Akatoka mkunga, samaki wa umbo la nyoka, mrefu kama mkono, akajifunga kwenye mshipi akaufanya kitanzi, kisha akanitia meno kwenye kidole gumba. Yeye alirudi baharini na pweza wangu. Mimi nilirudi nyumbani na damu.

Njiani nikakutana na Nzai. Akanishika mkono wa pili kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru. Ng'ombe kweli walikuwa shambani. Angechelewa kidogo, Mzee Mwinga angemfukuza kazi. Nikamwambia ni wajibu wa jirani.

Kufika nyumbani nikamkuta Biasha amesimama katikati ya mihogo iliyolala chini, fimbo mkononi. Shamba lilikuwa letu.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya sala ya Ijumaa Mwalimu Tembo alisimama nje ya msikiti na mpira wa ndani ukining'inia begani. Ulipasuka njiani akienda Msambweni, akatembea juani maili saba huku anasukuma baiskeli. Aliupima mpira mbele ya watu, akauonyesha ulivyo mfupi. Baba mkwe alikuwapo. Iddi alikuwapo, mbele kabisa, amekunja mikono.

Nikasema huenda ni panya.

Mwalimu hakupandisha sauti. "Fundi Sefu, mpira wangu ulikuwa mwekundu. Na huyo pweza unayevulia ana rangi gani?"

Kwa kuwa kijiji kizima kimemwona pweza wangu, hata waliokuwa bado wanavaa viatu walijibu.

Nimempa Mwalimu mpira wa baiskeli yangu. Sasa mimi ni fundi baiskeli anayetembea kwa miguu. Mzee Mbwana hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole ulioniuma kuliko kidole, kama bado atategemea samaki. Keshokutwa watu hamsini watakaa mkekani kwa ajili ya binti yake wa mwisho, na kama chewa hakuna, watakula wali mkavu na jina lake. Nikasema ategemee.

Nimebaki na pweza mmoja.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika kwa mkono uliochunika.

Nilifika mwambani mapema. Nzai alikuwapo. Kabla sijabuni uongo mwingine alijisogeza mwenyewe, akaniambia nikae penye shimo, maana amesikia nina shughuli ya ukweni. Nikakaa. Ndoana katikati, ncha ndani, chubwi mbele. Nikavuta kidogo, nikaacha ianguke.

Haikufika chini. Nilivutwa mpaka nikakaa kitako, nikaburuzwa hadi ukingoni mwa mwamba. Nzai akanishika kiuno. Samaki akaingia pangoni mwake, akajitanua humo, na mshipi ukasimama wima kama umefungwa kwenye nguzo. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Hakuna.

"Mlegezee, fundi," akasema Nzai. "Akidhani umekwenda zako, atatoka."

Nikamlegezea kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Mimi si mtu wa kukaa. Nikaufunga mshipi kwenye jiwe, nikamwambia Nzai autazame, nikaenda zangu kijijini kutangaza kuwa nimeshavua chewa. Nilipita nyumba kwa nyumba. Kwa Iddi nilipita mara mbili. Kwa Bi Jumwa nilieleza kirefu. Mzee Mbwana akachukua bakora yake, akaja na watu kumi na mti wa kubebea.

Tulipokaribia mwamba ndipo nilipokumbuka kwamba samaki yumo pangoni bado. Nikaanza kwenda polepole. Nikaanza kuchechemea. Nilikuwa natafuta pa kuangukia nizimie.

Maji yalikuwa yametoka sana. Kwa mbali tulimwona Nzai amesimama shimoni, ambako bado yalimfika shingoni, naye hajui kuogelea, mshipi ameuzungusha begani. Alikuwa amengoja muda wote ule. Samaki alitoka alipoona kimya, Nzai akamvuta taratibu hadi penye maji mafupi. Tulipofika alikuwa akimsukumia mwambani. Chewa! Mdomo wake ungemeza ndoo. Iddi mwenyewe aliivua kofia yake na kuivaa tena.

Wakamuuliza Nzai ni samaki wa nani. Alikuwa anatetemeka kwa baridi.

"Wa fundi," akasema. "Mimi nilimshikia tu."

Baadaye nilimwuliza kwa siri kwa nini. Akanikumbusha siku ya ng'ombe. Alisema mtu aliyemponya na kufukuzwa kazi hawezi kumwacha aaibike ukweni. Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Ukafika hadi kwenye meno. Hapo watu wakaanza kuniita nishike mbele ya mti, nikaenda.

Jumapili, 10 Novemba

Chewa wa nazi. Hamsini walikula, akabaki, na wengine wakala. Mishi alipendeza. Biasha alicheka na mimi kwa mara ya kwanza tangu mihogo.

Niliombwa nisimulie. Katika masimulizi ya kwanza Nzai alinisaidia kuvuta. Katika ya pili, mbele ya wageni waliotoka Mkwiro, alikuwa akipita na ng'ombe. Katika ya tatu hakukuwa na ng'ombe. Nzai mwenyewe alikuwa ameketi mkeka ule ule, anakula, anaitikia kwa kichwa kila mara.

Kisha Mzee Mbwana akamwita aje akae kuumeni kwake, akamwekea mbele kichwa cha chewa, fungu la mgeni mkubwa.

"Mkwe wangu," akaniambia, "jana nilipofika mwambani, aliyelowa hadi shingoni alikuwa mmoja. Kanzu yako ilikuwa kavu."

Alisema hivyo tu, akaomba maji ya kunawa. Niliona haya. Haki ya Mungu niliona haya, mpaka ilipokuja halua.

Jumatatu, 11 Novemba

Biasha hasemi nami tena. Sababu ni jambo la halua, ambalo jana sikuliandika.

Mgeni mmoja wa Mkwiro, mtu mwenye maringo, alisema chewa ni samaki wa wazee, hukaa shimoni tu. Kwao wanaume huvua nguru, tena kwa manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye ndoana, yanakokotwa nyuma ya mashua. Akasema watu wa Kinondo hawawezi. Iddi akacheka. Ningefanya nini? Nikasimama. Nimewaahidi nguru kumi, siku bibi harusi atakapokuja kuwatembelea wazazi wake. Ni Ijumaa. Mashua sina, lakini bado kuna siku nne.

Manyoya yawe meupe, marefu, ya mkia. Nimezunguka kijiji kizima asubuhi hii. Kuku ni wekundu, weusi, wa madoadoa. Mweupe ni mmoja tu, jogoo wa mama mkwe, Bi Mwanasha, anayemlisha mtama kwa kiganja chake. Sasa hivi anajiogesha vumbi nyuma ya jiko, na mwenyewe amekwenda kisimani.

Sitamdhuru. Nitachukua kumi na mawili. Jogoo asiye na mkia bado ni jogoo.