Bwawa la Kilomita Moja na Nusu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata njia ya kumzima Pembetatu! Ni mwalimu mwenzangu wa hisabati, tuko ofisi moja, na hata mkate anaukata pembe tatu. Mkuu wa idara, ambaye sote tunamwita mama mkuu, atamchagua mmoja wetu atoe mhadhara wa wazi Ijumaa. Miaka kumi na moja nafundisha fraktali, yale maumbo ambayo ukiyasogelea unakuta mikunjo ndani ya mikunjo, na sijawahi kupewa kipaza sauti! Sasa mama mkuu anataka bwawa la chuo lizungushiwe waya, hana wa kulipima. Nilinyoosha mkono hata hajamaliza kusema: akiziona fraktali kwenye ukingo wa bwawa, mhadhara ni wangu! Pembetatu akacheka. Acheke!

Jumanne, 4 Machi
Nimepima kwa fimbo ya mita moja. Mita mia mbili na kumi. Aibu! Fimbo inaruka vijipembe vyote. Nikarudia kwa rula fupi: mia tatu na arobaini! Mtunza bustani akauliza nimepoteza nini. Nikamweleza kwamba kipimo kikipungua, ukingo unaongezeka. Akanishauri nikae kivulini.

Jumatano, 5 Machi
Njiti ya kiberiti! Magoti yamechubuka, suruali ndiyo basi tena. Mia saba na sitini. Kisha kipande kidogo kwa punje ya mchele, ukingo uliobaki nikaupigia hesabu: kilomita moja na nusu! Mke wangu anasema bwawa hilo yeye hulizunguka chai yake haijapoa. Nikamjibu kwamba yeye anazunguka, mimi napima. Nimejaza fomu ya kuagiza waya wa urefu huo, sahihi nimetia. Pembetatu kwisha habari yake.

Alhamisi, 6 Machi
Lori limefika. Likafika la pili. Waya umeziba mlango wa idara, mama mkuu yumo ndani! Ametolewa dirishani, kiatu kimoja kikabaki. Akaniuliza, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kama niko sawa. Nikaanza kumchorea ubaoni. Akasema mhadhara ni wa Pembetatu. Nimelia chooni, sioni haya kuandika. Miaka kumi na moja jamani!

Ijumaa, 7 Machi
Yamenikuta makubwa! Pembetatu amewatoa wasikilizaji wote nje, akawasimamisha mbele ya lile rundo la waya, akasema chuoni hapa ni mtu mmoja tu anayeziamini fraktali kwa magoti yake. Akanipa kipaza sauti. Mimi! Dakika mbili, alisema. Nimeongea arobaini. Makofi yalikuwa mengi, hasa niliponyamaza. Nusura nimkumbatie.

Mama mkuu ameniapisha nisiliguse bwawa tena. Nimeapa, na kiapo si mchezo. Ila ofisini kwetu ukuta una ufa, na fundi anataka urefu wake achanganye saruji ya kutosha. Pembetatu alitaka kuupima kwa kamba. Kamba! Nimemnyang'anya. Nimeanza na kipande cha unywele wa mke wangu, sijafika hata usawa wa swichi, na tayari ni mita tisa!